Vijineno Vidogo vya Kiingereza

Kiingereza si mgeni tena katika nchi yetu upande wa mashariki. Kinapita mpakani Kasindi pamoja na malori ya bidhaa. Kinasemwa na wafanya biashara wanaokwenda Kampala. Kinafundishwa katika shule zetu za sekondari. Tangu Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wazazi wengi wamenijia wakiuliza watoto wao watakijua lini. Tena wako ndugu zetu waliokimbia vita, wakavuka kwenda Uganda, wakakaa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyangwali au Rwamwanja. Huko watoto wao husomeshwa kwa Kiingereza. Kwao lugha hii si pambo la mtu msomi. Ni njia ya kupata dawa, kazi na haki.

Mimi ni mwalimu. Kwa miaka mingi nimewafundisha Kiingereza watoto waliokwisha kujua Kiswahili cha nyumbani na Kifaransa cha darasani. Wazazi hudhani kwamba maneno marefu ndiyo magumu. Sivyo hata kidogo. Neno refu kama "administration" mwanafunzi wa Kongo halimtishi, maana amekwisha kulisoma katika Kifaransa. Yanayomtoa jasho ni maneno mafupi yasiyozidi herufi tano: "up", "down", "in", "out", "on", "off", "after". Kila moja likisimama peke yake, mtoto wa mwaka wa kwanza hulielewa. Lakini likifuatana na kitenzi, maana hugeuka, na mara nyingine hugeuka kiasi cha kumpoteza hata mtu mzima aliyesoma sana.

Tutazame mfano mmoja. Kitenzi "look" maana yake ni kutazama. Sasa sikilizeni. "I look at the child": namtazama mtoto. "I look for the child": namtafuta mtoto. "I look after the child": namtunza mtoto. Mtoto ni yule yule, kitenzi ni kile kile, ila kijineno kimebadilika, na kazi imekuwa nyingine kabisa. Si hayo tu. "Look out!" ni kumwambia mtu ajihadhari. "Look up a word" ni kutafuta neno katika kamusi. "Look down on" ni kumdharau mtu, na "look up to" ni kumheshimu. Hapo mwenye kufikiri aona njia: mwenye dharau humtazama mwenzake kutoka juu, na mwenye heshima humwinulia macho. Hata "look after" yaweza kueleweka tukimkumbuka mama anayemfuata kwa macho mtoto aliyeanza jana kutembea.

Waingereza huviita vitenzi hivi "phrasal verbs". Jina hilo lilienezwa na mwandishi Logan Pearsall Smith katika kitabu chake cha mwaka 1925, lakini taabu yenyewe ilijulikana tangu zamani. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza mwaka 1755, alieleza katika utangulizi wake kwamba jambo hili ndilo linalowaletea wageni ugumu mkubwa kuliko yote. Basi, ewe mwanafunzi, ukishindwa leo usijione mjinga. Mtu aliyeyakusanya maneno ya lugha ile kwa maelfu alikuonea huruma kabla babu zako hawajazaliwa.

Labda mtasema: Kwa nini Waingereza wasitumie neno moja kwa jambo moja, kama watu wengine? Kabla ya kuwahukumu, tujitazame sisi wenyewe. Kiswahili nacho kina mitego yake. Tunasema piga magoti, piga kura, piga picha, piga pasi, piga simu, piga mbizi. Ni nani hapo aliyepigwa? Tunasema kata tamaa, wala hatushiki kisu. Tunasema kata shauri, na hakuna kinachoanguka chini. Mgeni afunguaye kamusi akakuta kwamba kupiga ni kuadhibu kwa fimbo, atamwonea huruma simu. Tena vitenzi vyetu hubadilika mkiani: funga, fungia, fungisha, fungana, fungua. Herufi moja tu yatenga vaa na vua, na mtu mmoja yuko tayari kwenda safari, mwenziwe anajitayarisha kulala. Mwingereza husema "put on" na "take off". Sisi tumeweka mabadiliko ndani ya kitenzi. Yeye ameyaweka nje, nyuma yake. Shabaha ni moja, mikuki ndiyo mbalimbali.

Historia nayo yatusaidia kuelewa. Kiingereza ni ndugu wa Kijerumani na Kiholanzi. Wabelgiji wa kaskazini, ambao lugha yao ni Kiholanzi, husema "ik sta op", yaani nasimama, na kijineno "op" hukaa mbali kidogo na kitenzi chake, kama "up" katika "I stand up". Ndiyo maana mtu wa kwao hana sababu ya kushangaa anapojifunza Kiingereza. Lakini mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliishinda Uingereza, na watawala wapya walikuwa wasemaji wa Kifaransa. Kwa muda mrefu Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na ya mahakama, na mkulima shambani akaendelea na lugha ya mama yake. Mwishowe lugha hizo mbili zilichanganyika, na Kiingereza kikabaki na nguo mbili kwa jambo moja. Nguo ya nyumbani ni "go on", nguo ya ofisini ni "continue". Nyumbani "come in", ofisini "enter". Nyumbani "go down", ofisini "descend". Nyumbani "put off", ofisini "postpone", ambalo Mkongo hulijua mara moja, kwa kuwa katika Kifaransa chetu na cha Wabelgiji twasema "postposer".

Jambo hili si la vitabu tu. Siku moja nilikuwako katika zahanati moja ng'ambo ya mpaka, nikimsindikiza mgonjwa. Mbele yetu aliketi mama mmoja wa Kongo, amempakata mtoto mwenye homa. Mwuguzi alikuwa mwanamke mgeni, mpole sana. Mkalimani alikuwa kijana wa miaka kumi na minne hivi, aliyejifunza Kiingereza kwa kukariri orodha ya maneno. Mwuguzi aliuliza: "Has he been throwing up?" Kijana alijua kwamba "throw" ni kutupa na "up" ni juu. Akamgeukia mama kwa adabu: "Mama, anauliza kama mtoto amekuwa akitupa vitu juu." Mama akashangaa. "Hapana, mwanangu. Atatupa nini? Amelala tu tangu jana." Kijana akasema "No", na mwuguzi akaandika kwamba hapana.

Kumbe "throw up" ni kutapika. Niliomba ruhusa, nikamwambia mwuguzi atumie neno "vomit". Alipouliza tena, kijana aliruka kwenye kiti: "Vomir! Anauliza kama ametapika!" Mama akajibu mara moja: "Ametapika mara tano tangu jioni, na maji hayakai tumboni." Mwuguzi akakata alichoandika, akaagiza mtoto apewe maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo kwa kijiko, akamweka chini ya uangalizi. Mtoto alipona.

Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi, na sioni mtu wa kulaumiwa. Mama alijibu kweli. Kijana alitafsiri kila neno kwa uaminifu. Na mwuguzi? Yeye alichagua "throw up" kwa sababu ya wema. Mwingereza au Mmarekani anapotaka kusema kwa urahisi na mtu maskini au mtoto, huacha maneno marefu, huchukua yale mafupi aliyoyanyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Hajui kwamba kwa Mkongo mambo ni kinyume. Neno refu ambalo yeye hulifikiri gumu, sisi tumelipata katika Kifaransa. Na lile fupi ambalo yeye hulifikiri jepesi, ndilo linalotufungia mlango. Anainama ili atufikie, na kwa kuinama anatupotea. Hivyo, ndugu msomaji, ukiwa mbele ya daktari au karani na husikii maana, usione haya kusema: "Please use another word." Sentensi hiyo moja yaweza kuokoa uhai.

Tena jihadharini na jozi hizi, maana madhara yake ni makubwa. "The examination has been put off": mtihani umeahirishwa, siku nyingine itatajwa. "The examination has been called off": mtihani umefutwa, hautakuwapo. Anayechanganya "put off" na "called off" atakaa nyumbani siku wenzake wanapoandika. "Turn down the radio" ni kupunguza sauti ya redio. Lakini ukipata barua isemayo kwamba ombi lako "has been turned down", usingoje tena, wamelikataa. "The patient has passed out": mgonjwa amezimia, kimbilieni daktari. "The patient has passed away": mgonjwa amefariki. Kati ya "out" na "away" pana matanga.

Sasa tuseme juu ya utaratibu, maana vijineno hivi vina sheria zake, ingawa si nyingi. Ya kwanza ni mahali pa kuviweka. Waweza kusema "Turn off the radio", au "Turn the radio off". Zote mbili ni sawa. Lakini ukitumia "it" badala ya redio, sharti useme "Turn it off". Usiseme kamwe "Turn off it". Kinyume chake, "Look after the child" huwa "Look after him", wala si "Look him after". Kwa nini? Katika "turn off", kijineno ni cha kitenzi, nacho chaweza kuachana nacho kidogo, kama mbwa aliyefungwa kamba ndefu. Katika "look after", kijineno kimeshika mkono wa jina lifuatalo, wala hakiuachi. Sikio nalo husaidia: katika "turn it off" Mwingereza hukaza sauti juu ya "off".

Ya pili ni kwamba kijineno "up" mara nyingi hakimaanishi juu, bali kabisa. "Eat your food" ni kula chakula chako. "Eat up your food" ni kukimaliza, usibakize. Vivyo hivyo "drink up" na "use up". Mtoto akilishika hili, ameshika funguo za vyumba vingi.

Ya tatu, wako wenye vijineno viwili nyuma. "Run out of" ni kuishiwa: "We have run out of salt", chumvi imetuishia. "Put up with" ni kuvumilia. "Look forward to" ni kungoja kwa hamu, na wanaoandika barua waangalie sana: husemwa "I look forward to seeing you", wala si "to see you".

Ya nne, kitenzi kimoja na kijineno kimoja chaweza kuwa na maana kadha wa kadha, na sentensi nzima tu ndiyo itakayokuambia. "The lamp went off": taa ilizimika. "The alarm went off": kengele ya saa ililia. "The milk went off": maziwa yaliharibika. "The bomb went off": bomu lililipuka. Tazameni, taa imenyamaza na kengele imepiga kelele, kwa maneno yale yale. Vivyo hivyo "make up" ni kutunga hadithi isiyo ya kweli, tena ni kupatana baada ya ugomvi. Na "make up your mind" ni kukata shauri.

Kwa hiyo sipendi orodha za maneno. Napenda sentensi, tena sentensi za maisha ya mtoto mwenyewe. Wanafunzi wangu huandika siku yao nzima hivi: "I get up early. I put on my clothes. I set off for school with my sister. The teacher comes in and we stand up. We sit down. He gives out the books. At noon I go back home. I take off my shoes. I look after my little brother. My mother finds out that we have run out of oil. In the evening the electricity goes off. I go on reading by candlelight. Then I blow out the candle and lie down." Katika siku moja ya mtoto wa kawaida mna vitenzi vya namna hii zaidi ya kumi na vitano, wala hakuna hata kimoja cha kigeni kwa maisha yake. Anaamka, anavaa, anaondoka, anarudi, anamtunza mdogo wake, mafuta yanaisha, umeme unakatika. Kiingereza kimevikwa nguo za nyumba yake, naye hakisahau.

Mtu aweza kuuliza: Ikiwa maneno ya Kifaransa yatusaidia, kwa nini tusiyatumie hayo tu? Swali ni zuri. Katika ombi la kazi au barua ya shule, tuyatumie bila hofu. Ndiyo mahali pake. Lakini msikilize kijana ambaye ajua maneno ya ofisini peke yake. Akiingia nyumba ya rafiki, husema "I have entered". Akitaka kuzima taa, husema "I will extinguish the lamp". Hakukosea, watu wamemwelewa, lakini asemavyo ni kama mtu aliyevaa koti na tai kwenda kuchota maji. Watu humheshimu, hawamkaribii. Na zaidi ya hayo, hata kama yeye atajilinda asiyatumie maneno mafupi, wengine watamwambia hayo hayo: dereva, mwuza duka, mwuguzi, mwalimu wa jirani. Kusema waweza kuchagua, kusikia huchagui.

Tena msishangae mkisikia kwamba majirani zetu nao wana namna yao. Katika Uganda na Kenya husikika "pick me" badala ya "pick me up", yaani nipitie unichukue. Husikika pia "cope up with" mahali ambapo Mwingereza husema "cope with". Wakati mwingine kijineno kimeanguka njiani, wakati mwingine kimeongezeka. Katika mazungumzo hakuna hasara. Katika mtihani mwanafunzi afuate kitabu. Na Kiswahili chenyewe kimekwisha kukaribisha kimoja cha vitenzi hivi bila kutuomba ruhusa. Pikapu, gari lile lenye sanduku wazi nyuma, ni "pick up", kuokota na kupakia. Kila siku twapanda juu ya kitenzi cha Kiingereza chenye kijineno chake.

Basi, wanafunzi, nawapa shauri langu. Kila mmoja awe na daftari ndogo. Akisikia kitenzi chenye kijineno, asiandike neno peke yake. Aandike sentensi nzima aliyoisikia, na chini yake Kiswahili chake kamili. Asitafsiri kijineno kwa kijineno, bali jambo kwa jambo. Aandike vitatu kwa siku, si thelathini. Haba na haba hujaza kibaba. Vitatu kwa siku ni zaidi ya elfu kwa mwaka, na mwenye elfu hapotei njia. Kisha avitumie siku ile ile, hata kwa kusema peke yake akiwa njiani.

Nanyi, akina baba na mama, hata kama hamjui Kiingereza, mna kazi katika jambo hili. Mtoto anapojaribu kusema, msimcheke, wala msiruhusu kaka zake wamcheke. Aliyechekwa mara tatu hufunga kinywa, na lugha haiingii katika kinywa kilichofungwa. Mwulizeni jioni: Leo umepata sentensi gani? Na maana yake nini kwa Kiswahili? Akieleza kwa Kiswahili kizuri, mjue kwamba ameelewa kweli, na lugha zake mbili zimekua pamoja. Mtoto asiyejua kusema jambo kwa lugha ya nyumbani hatalisema vizuri kwa lugha ya mbali.

Nimalize kwa vitenzi viwili vya kuandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari ile. "Grow up" ni kukua, na "bring up" ni kulea. Mtoto huenda juu mwenyewe, ndiyo "grow up". Lakini mwingine sharti amlete huko juu, amshike mkono, amwinue anapoanguka, ndiyo "bring up". Katika yote mawili kijineno ni kile kile, "up", na hapa, kwa bahati njema, maana yake ni juu kweli.